Tusi Alichukue, Neno Aliache

Igowole, jioni

Mwanangu Yusta,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko kwa shangazi yako hapo ng'ambo ya bonde, umekwenda kuaga, na kicheko chako nakisikia mpaka huku jikoni. Mimi nimebaki na sufuria ya maharage na kalamu uliyoisahau mezani, nikaona nitumie vyote viwili kabla hujarudi.

Usishangae kuona mama yako anajaza kurasa. Darasa la nne langu ni la zamani, la wakati ule mwalimu akikufundisha herufi unaikumbuka mpaka mgongoni. Na kwenye kisomo cha watu wazima mimi ndiye niliyekuwa nawasomea wenzangu ubaoni, mpaka mwalimu akasema, "Mama Yusta, waachie na wengine basi." Kwa hiyo ukiuona mwandiko umepinda, laumu meza.

Sitakuambia ufue vipi wala ule nini. Hayo nilikufundisha, na kama hukuyashika wakati ule hutayashika leo. Nakuandikia juu ya lile la Jumapili.

Ngoja niliseme lote, nisije nikalisema nusu ile inayonipendeza. Jumapili tulikuwa tunakuaga uende Chunya kuanza kazi ya Bibi Maendeleo. Kuku wamechinjwa, ulanzi wa mianzi umeletwa, na bwana afisa wako kutoka Mafinga amekalishwa kwenye kiti chenye mto. Akaingia Mzee Komba, mwenyekiti wetu wa kijiji, Mngoni, mtani wangu. Kabla hajakaa nikamwambia, "Ficheni panya, mlaji amefika!" Naye, unamjua, hakuchelewa: "Nami mbwa wangu nimemwacha kwa jirani. Kwenye nyumba ya Mhehe mbwa anaingia na mkia, anatoka mkia peke yake." Watu wakacheka hadi mzee wa kanisa akamwaga kinywaji chake.

Sasa mimi nikishaanza huwa sisimami. Nikamgeukia bwana afisa, kijana wa watu, Mnyakyusa wa Tukuyu, ambaye na mimi hatuna utani wowote. Nikamwambia mbele ya wageni wote kwamba kwao wanakula ndizi mpaka wanakuwa na umbo la mkungu, na tumbo lake nikalitolea mfano. Yule kijana alicheka kwa meno tu. Macho hayakucheka.

Ukanivuta uani. Ukasema kwa sauti ya chini, na wewe sauti yako ya chini ndiyo yenye fimbo.

"Mama, yule ni mkubwa wangu wa kazi. Si mtani wako."

"Kwani kacheka au hakucheka?"

"Mimi huko Chunya, kwenye mkutano wangu, atakayefungua mdomo kwa matusi atatoka nje. Awe nani. Hata ungekuwa wewe." Halafu ukageuka uende, ukarudi. "Na siku ya safari usije barabarani. Tuagane hapa hapa nyumbani."

Nitakuambia ukweli, binti yangu. Lile la kutolewa nje lilinichoma, halafu papo hapo likanipa fahari. Mkutano wangu! Mtoto wa Rosalia ana mkutano wake! Nilitaka nirudi ndani niwatangazie. Bibi Maendeleo wa kwanza kutoka Igowole nzima, na aliyemzaa ni mimi, si mwingine. Lakini lile la barabarani limenikaa kooni mpaka leo. Tangu Jumapili mimi na wewe tunasemeshana habari za chumvi na kuni tu, na kesho unaondoka.

Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo. Lakini mdomo wangu unaujua. Ukifunguka, utani ndio unatangulia kutoka, kama mbuzi mlangoni asubuhi, na maneno mengine yanabaki ndani yanasukumana. Kwenye karatasi hakuna anayenijibu, basi hata mimi nanyamaza kidogo.

Umesema mkutanoni matusi hapana. Mimi jambo hilo nimelikalia pande zote. Nimetukana, nimetukanwa, na nimemtoa mtu nje kwa kutukana. Nikueleze, halafu huko uendako utaamua mwenyewe, maana mkutano ni wako.

Kwanza usiudharau utani. Unakumbuka msiba wa baba yako? Ulikuwa mdogo, umeshika gauni langu hukubali kuachia. Mimi nilikuwa sili, silii, nimekaa kama jiwe la kusagia. Akaja Komba, wakati ule bado yuko kwenye mashamba ya chai, akapita katikati ya waombolezaji, akaenda kulala kwenye kitanda cha marehemu na viatu vyake vya matope. Akaanza kupiga kelele: "Huyu bwana mvivu! Amekufa ili asinilimie! Simziki mpaka niletewe kuku, na kuku awe mnene kuliko mjane!" Mtu mwingine angesema vile angepigwa. Yeye ni mtani, ni haki yake, na sisi tukifiwa Wangoni ndio wanaokuja kutufanyia hivyo, na wao wakifiwa tunakwenda sisi. Nilisikia kicheko, nikageuka nione nani asiye na adabu, kumbe ni mimi. Nikacheka, kicheko kikageuka kilio, na kilio ndicho kilichonifungua. Usiku ule nilikula.

Kwa hiyo usiniambie kwamba kila tusi ni uchafu. Lile lilinirudisha kwenye watu.

Na mimi kwa upande huo, si kujisifu, nilikuwa na jina. Kuanzia huku mpaka Ipogolo, wakifiwa Wangoni wa mashambani wananiita mimi. Wanasema mleteni yule mama wa Igowole, maiti mwenyewe atatabasamu. Nikawa nadhani ulimi huu unafungua milango yote.

Ndipo ikaja mashine.

Wewe ulikuwa bweni kwa masista mwaka ule tulipohamishiwa pamoja, nyumba zikapangwa mstari, tukaitwa kijiji. Tukapewa mashine ya kusaga. Furaha yake sikuelezi, mimi niliyesaga kwa jiwe tangu matiti hayajaota. Lakini kamati ya kuchagua mahali ilikuwa ya wanaume watupu, nao wakaijenga pembeni ya kilabu cha ulanzi, ukuta kwa ukuta. Walisema ni kwa sababu njia ya gari inafika pale. Huenda ni kweli. Lakini kusaga ni kazi ya nani? Ya wasichana. Na msimu wa ulanzi wanaume wanaanza kunywa jua likiwa bado halijakausha umande. Msichana anapita na debe kichwani, mikono yote miwili iko juu, na njia ni nyembamba. Nadhani nimesema vya kutosha.

Akina mama wakakutana kisimani. Wakasema, nani atasimama mkutanoni? Wote wakaniangalia mimi. Nani mwingine? Nilikwenda nyumbani nikavaa kitenge kipya.

Mkutano ukajaa. Komba kakaa mbele na miwani yake. Nikasimama, na nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, naapa, niliyapanga tangu asubuhi nikipalilia. Lakini kumwona Komba kakaa kama chifu, ulimi ukaniwasha.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "wewe Mngoni umeiweka mashine kilabuni ili pumba zikufikie mezani bila kutembea. Najua panya wako wanapenda pumba!"

Mkutano ukalipuka. Komba akavua miwani, akaifuta machozi ya kucheka, akajibu: "Na nyie Wahehe mlitaka niiweke wapi? Karibu na mabanda ya mbwa, ili mpate kitoweo cha ugali?"

Watu walianguka kwenye majani. Nikamrudishia, akanirudishia. Nilikuwa moto siku ile, mwanangu, kama ungenisikia! Mpaka leo wapo wanaonirudia maneno yale. Jua likashuka, Komba akafunga mkutano, watu wakaenda wakifuta macho. Nami nikarudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi.

Mashine ikabaki pale pale.

Hakuna aliyenikatalia. Hakuna hata aliyejua kwamba nimeomba kitu. Mtani akikutukana huruhusiwi kukasirika, hiyo ndiyo sheria. Lakini sikuwa nimeufikiria upande wa pili wa sheria: kama huruhusiwi kukasirika, basi huna pia haja ya kujibu. Nilichukua shida ya watoto wa watu nikaitia kwenye kicheko, na kicheko kikaondoka nayo.

Mwezi haukuisha. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Mama Oliva, Mkinga, mumewe alimleta huku kwa ajili ya chai. Mpole. Ukimsalimia anakuitikia mpaka unaona aibu kwa kumsumbua. Binti yake Oliva alirudi kutoka mashineni bila debe, unga umemwagika hadi kwenye nywele, blauzi imechanika begani. Alikimbia kabla hayajatokea mabaya zaidi, ashukuriwe Mungu. Lakini toka siku hiyo alikataa kupita njia ile, na ukimtuma hata kisimani alikuwa anatetemeka.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa habari za mbolea. Katikati ya mbolea Mama Oliva akasimama. Hakunyoosha mkono. Hakusema Ndugu Mwenyekiti. Alimwangalia Komba akamtukana tusi la nguoni, lile la mama, wazi, kwa sauti ile ile ndogo anayoitikia salamu. Silitaji hapa.

Watu wakageukiana.

Na yeye si mtani wa Komba. Na hata angekuwa mtani, tusi lile haliko kwenye utani. Utani una mlango wake na kizingiti chake. Yeye alivunja ukuta. Wanaume wakaanza kuinuka. Na unajua nani alikuwa wa kwanza kupaza sauti, "Atolewe"?

Mimi.

Mimi, fundi wa matusi, niliona kazi yangu imechafuliwa. Nikasema, "Huyu hana adabu, atolewe!" Akatolewa. Hakubishana. Alijifunga khanga yake vizuri akatoka, na kwa sehemu yote iliyobaki ya mkutano tulijadili tusi. Aombe radhi au alipe faini? Mumewe aitwe au asiitwe? Wakinga wana malezi gani? Kila mtu alikuwa na la kusema. Hata mbolea tuliisahau. Mtu mmoja, hata mmoja tu, hakuuliza: mwanamke mpole kama yule kafikaje pale?

Nilitambua njiani kurudi. Sikutambua kwa akili zangu, nilitambua kwa sababu nilipita mashineni nikamwona binti wa mtu mwingine amesimama mbali na debe lake, anangoja walevi waingie ndani ndipo apite.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Oliva. Alikuwa anapalilia viazi nyuma ya nyumba. Hakuinua kichwa.

"Kamwene," nikamsalimia.

"Karibu, hakimu."

Nikasimama pale kwenye tuta. Mimi, niliyejibu Wangoni wa mashamba mazima, nikavua viatu. Nikachukua jembe lililokuwa limelala pale nikaanza tuta la pili. Tukalima. Mpaka tulipofika mwisho wa tuta ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Wewe ulitukana, wakacheka. Mimi nimetukana, wakanitoa. Mtoto wangu bado hajasemwa."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi yako nitaipika na nini?" Akang'oa kwekwe akaitupa. "Nenda kwa mtani wako. Ukaseme bila kuchekesha. Kama unaweza."

Kama unaweza! Aliniambia hivyo mimi. Nilikasirika njia nzima, na nilikasirika kwa sababu sikuwa na hakika kama naweza.

Komba nilimkuta anachonga mpini. Aliponiona akapaza sauti, "Mama watoto, fungeni mbwa, Mhehe huyo!" Sikujibu. Akarusha lingine, la babu yangu kumkimbia babu yake vitani. Hilo nina majibu yake hata usingizini. Sikujibu. Nikamwona ameweka mpini chini. Mtani asiyejibu anatisha, Yusta, ni kama jogoo asiyewika. Akainuka, akaniletea kigoda mwenyewe, akamwita mkewe aje asikie.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mtu. Leo utani nimeuacha nyumbani."

Nikamweleza. Njia ya mashine, mikono iliyo juu ya debe, blauzi ya Oliva. Sikuongeza hata neno moja la kupendeza. Ilikuwa hotuba mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa, nilikuwa nakwama kama mtoto wa darasa la kwanza. Mkewe alikuwa anatikisa kichwa, kumbe binti zao nao walikuwa wanapita pale kwa mashaka, naye hakusema.

"Mbona mkutanoni hukuniambia?" Komba akasema.

"Nilikuambia. Ulicheka."

"Ulinichekesha!"

"Ndiyo. Na yule mwingine alikuambia bila kukuchekesha, tukamtoa."

Akauokota mpini, akaurudisha chini. Halafu akasema kitu ambacho mimi namheshimu kwacho mpaka leo, ingawa mbele za watu sitakiri. Alisema, "Tusi lile lilinitoboa hapa," akajigusa kifuani. "Mama yangu alikufa nikiwa mashambani, sikumzika. Lakini kama ndilo mlango alioupata, aje aingie tena."

Akaitisha mkutano. Akasema wa kwanza kusema ni Mama Oliva, na hakuna kumkatiza. Na yule mama, nisamehe nikicheka peke yangu hapa, alianzia pale pale alipokatizwa. Kwa tusi lile lile! Wanaume wakaruka juu. Mmoja akamshika mkono. Komba akagonga meza. "Kaeni! Hajamaliza."

Akamaliza. Alieleza yote, jina la mtoto, njia, mkono wa nani ulishika bega. Yule mwenye mkono alikuwepo, amekaa karibu na mti wa mkaratusi, na kufika mwisho wa maneno watu waliokuwa karibu naye walikuwa wamesogea, amebaki peke yake kama mgonjwa wa ndui.

Komba akauliza, "Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza."

"Sasa lile tusi uliloanza nalo. Mama yangu hakukukosea."

Mama Oliva akafikiri. Akasema, "Tusi nalichukua. Neno naliacha."

Basi. Mashine haikuhama, ilikuwa imeshashikiliwa na saruji. Kilichohama ni kilabu. Kilipelekwa kule chini ng'ambo ya mto, na wanaume walitukana wakibeba zile nguzo, mwanangu, walitukana matusi ambayo hata mimi yalikuwa mageni kwangu. Lakini walizibeba. Na yule mwenye mkono alipelekwa kwa Mama Oliva kuomba radhi mbele ya mumewe na wazee, akalimishwa shamba lao la viazi msimu mzima, kila mtu akimwona.

Tangu hapo ndiyo desturi yetu hapa Igowole. Mtu akitukana mkutanoni hatolewi. Anaachwa amalize, halafu anaulizwa: tusi unalichukua au unaliacha? Wengi wanalichukua, linarudi nao, na neno linabaki mkutanoni. Katekista wetu hakubaliani nayo, anasema kinywa kilichobarikiwa hakipaswi kulitoa hata hilo la kuchukua, na huenda mbele za Mungu yuko sawa, sibishani na katekista. Lakini yeye mikutano yake watu huja wamepiga magoti, hata kukohoa wanaogopa. Yetu huja na jembe begani na njaa.

Usidhani tulikuwa malaika baada ya hapo. Alitokea bwana mmoja, akaona kumbe tusi linakupa nafasi ya kusikilizwa. Mjane mmoja kijana aliposimama kudai kiwanja chake, yule bwana akamrushia tusi la umalaya, mjane akakaa chini, uso umeinama. Komba akamwuliza yule bwana, "Umemaliza?" Akasema amemaliza. "Haya, lichukue tusi lako." Akalichukua, na hakubaki na kitu chochote mkononi. Halikuwa na neno ndani. Alilitupa ili yule binti akae chini, basi. Yule bwana alitolewa na Komba, nami nilimsindikiza mpaka njiani, nikiwa na furaha.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, tusi la mtu anayelia na tusi la mtu anayemzuia mwenzake asilie, hayo si ndugu, hata yakiwa neno moja lile lile. Utayatofautishaje? Sijui nikufundisheje. Mimi mwenyewe nilikosea na nina umri huu.

Huko Chunya utayasikia, usidanganyike. Babu yako alichimba dhahabu kule, nami nilikaa naye nikiwa binti mdogo, nampikia. Vumbi jekundu mpaka kwenye mboga. Wale watu wanatukana kama wanavyopumua. Babu yako, mtu wa sala asubuhi na jioni, akishuka shimoni nilikuwa namsikia anautukana mwamba matusi ya ukoo mzima. Akitoka juu ananiuliza kwa upole, "Umekula, mwanangu?" Siku moja nikamwuliza mbona anatukana vile. Akasema, "Mwamba hauna mama. Ningemtukana nani mwingine?" Sasa wewe utawaita watu kama hao kwenye mkutano, utawaambia habari za vyoo na maji ya kuchemsha, na mmoja atasimama, wiki nzima hajapata hata chembe, na mdomo wake utafunguka kabla yake. Ukimtoa nje, utabaki na waliokula vizuri. Hao huwa wana adabu sana.

Na akina mama wa kule watakujaribu. Watakuona kijana, sketi ya shule, Kiswahili safi cha masista. Wengine watakuita vitu. Usilie mbele yao. Na usijibu kama mimi. Hicho ndicho ninachokiogopa zaidi kwako, maana wewe unadhani umemfuata baba yako kwa upole, lakini mimi nilikusikia pale uani Jumapili. Ulimi huo si wa baba yako, Yusta. Umeuchukua kwangu, umeunoa kwa masista, sasa unakata pande mbili. Ule wa sauti ya chini unaumiza kuliko wangu, na hauna hata kicheko cha kuupoza. Unaweza kumtoa mtu nje bila tusi hata moja, na akatoka akiwa ametukanwa kuliko Komba alivyotukanwa na Mama Oliva. Hilo mkutanoni kwako nani atakuambia ulichukue?

Lakini lile la Jumapili ulikuwa na haki. Bwana afisa si mtani wangu, na siku ile haikuwa yangu. Ilikuwa siku yako nami niliigeuza msiba wa Mngoni, nikajilaza kitandani na viatu. Asubuhi hii alipita ofisi ya kijiji kuulizia habari za kukuchukua kesho, nikamfuata. Nikamwambia, "Bwana afisa, lile la tumbo nalichukua." Akaniangalia. Akauliza, "Na la ndizi?" Nikamwambia la ndizi ni kweli, linabaki. Akacheka, na safari hii macho nayo yalicheka. Ni kijana mzuri. Sisemi zaidi.

Maharage yameiva. Kicheko chako kimenyamaza kule, bila shaka umeshashika njia, shangazi yako akikusindikiza na yale maneno yake ya kila siku.

Barua hii nitakupa mkononi ukiingia, uisome kabla ya kulala, usingoje kufika Mbeya. Na juu ya barabarani nimefikiri. Sitakuja, kama hutaki. Nitakuaga hapa mlangoni kama ulivyosema, hata wakisema Igowole nzima kwamba mama wa Bibi Maendeleo hakuonekana.

Lakini najua lile ulilonikataza si lote ulilonalo. Hukulisema kwa sababu ya Jumapili moja tu. Miaka yote nimecheka pale ulipotaka nisikie. Ulikuja kutoka shule na jambo usoni, nikakutania, ukacheka, jambo likarudi ndani. Sasa ndipo naliona, nikiwa na kalamu. Basi ukishasoma, njoo jikoni. Kaa kwenye kigoda kile karibu na moto uniambie lolote, liwe kali namna gani, lianze na unavyotaka. Sitajibu. Sitatania. Nitakaa hapa mpaka umalize.

Mimi mama yako,
Rosalia, ambaye kwa maneno hajashindwa na mtu kutoka hapa mpaka Ipogolo, isipokuwa wewe.